Amana na Dhamana

Maneno husafiri kama wasafirivyo watu, na yapo yarudiayo safarini yakiwa na tabia nyingine. Neno hongo ni mojawapo. Katika karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo kuelekea Tabora na Ujiji ulilipa hongo njiani, khasa Ugogo, kwa kila mtawala aliyemiliki visima na mapito ya nchi yake. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Ililipwa kwa vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Ililipwa mchana, baada ya mazungumzo yaliyoweza kuchukua siku kadhaa, huku kirangozi na wapagazi wakishuhudia. Katika baadhi ya nchi za njia ya kaskazini, ile iliyotoka Tabora na kupita Kahama kwenda Karagwe na Buganda, ngoma zilipigwa kutangaza kwamba mtawala ameridhika. Aliyepokea alijulikana, kiasi kilijulikana, na jambo alilopaswa kulitenda baada ya kupokea nalo lilijulikana: msafara uteke maji, ununue chakula, na upite salama.

Leo neno lile lile ni jina la noti inayokunjwa ndani ya leseni ya dereva, au ya kile kinachotolewa nyuma ya kituo cha polisi ili ndugu aachiwe. Hakina risiti wala shahidi, na aliyekipokea hana jambo lolote ambalo mtoaji anaweza kumdai hadharani. Wataalamu wa lugha watasema kwamba maana ya neno imefinyika. Mwenye kuangalia maadili ataona pia kwamba kilichotoka ndani ya neno hili ni ngoma. Malipo yamebaki, tangazo lake limenyamazishwa.

Hapana haja ya kuzipamba enzi zile. Hongo ilizusha dhuluma na vita. Karibu na mwaka 1860, Manua Sera, mtemi wa Unyanyembe, alipotaka kuwatoza ushuru wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora, waliungana na wapinzani wake wakamwondoa na kumweka Mkasiwa mahali pake. Mapigano yaliendelea hadi Manua Sera alipouawa mwaka 1865. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya Ujiji, na ugomvi wake na wafanyabiashara wa Unyanyembe ulihusu jambo lile lile: nani ana haki ya kutoza na nani ana haki ya kupita. Walakini hata katika dhuluma hizo palikuwa na swali ambalo kila mtu aliweza kuliuliza kwa sauti. Akiisha kupokea, mtawala anawajibika kwa nini? Swali hilo ndilo linalomhusu kila mtu aliyepewa silaha, sare au upinde ili awalinde wengine.

Neno askari nalo lilipita njia hii. Msafara mkubwa ulikuwa na askari wenye bunduki, na kazi yao ilikuwa kuulinda mzigo usiporwe na kumzuia mpagazi asitoroke nao. Katika misafara iliyowashusha watumwa kutoka bara hadi pwani, na kutoka pwani hadi soko la Unguja lililofungwa mwaka 1873, askari huyo huyo aliulinda mnyororo. Alimlinda mwenye mali dhidi ya mtu aliyegeuzwa kuwa mali. Kwa mtazamo wa bwana wake alikuwa mlinzi mwaminifu, tena huenda hakuiba hata ushanga mmoja. Hapa ndipo uaminifu na uadilifu vinapoachana njia. Mlinzi anaweza kuwa mwaminifu kabisa kwa aliyemtuma, na wakati huo huo akawa balaa kwa aliye mbele yake.

Ngome ya mtemi Isike ilipoangushwa na Wajerumani Januari 1893, boma la Tabora likawa makao ya askari wa namna mpya, lakini mwelekeo wa wajibu wao haukubadilika sana. Askari wa boma aliripoti juu. Aliulizwa kama kodi imekusanywa, kama njia ni salama, kama amri imetekelezwa. Mtu wa kijijini hakuwa miongoni mwa wale walioweza kumuuliza neno. Waingereza waliporithi nchi, na uhuru ulipopatikana mwaka 1961, sheria zilibadilika na viongozi wakawa wenyeji, na wamekuwapo askari wengi waliofanya kazi yao kwa heshima hadi kustaafu. Lakini mazoea ya chombo huwa na maisha marefu kuliko ya watu wanaokitumikia. Jina lenyewe lililozoeleka, Jeshi la Polisi, lina kumbukumbu ndani yake, maana jeshi hujibu kwa kamanda, na kwa kawaida jeshi huwa na adui.

Mazoea hayo yalijaribiwa vikali katikati ya miaka ya 1970, katika nchi zilizo kaskazini ya Tabora, mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Palikuwa na mauaji mengi ya raia, na mengi kati yake yalihusishwa na imani za uchawi. Waliouawa mara nyingi walikuwa wazee, na wanawake zaidi, ambao kosa lao lilikuwa uzee, upweke, au macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Serikali ilikuwa na kila sababu ya kuingilia kati. Polisi na maofisa wa usalama waliendesha msako, wakawakamata watu wengi kwa kuwashuku. Wakiwa mahabusu, baadhi ya watuhumiwa hao waliteswa, na wapo waliokufa mikononi mwa wale waliotumwa kukomesha mauaji.

Uzito wa tukio hili uko katika nia njema iliyokuwa mwanzo wake. Waliotesa hawakuwa wameanza kwa kutaka kumuua mtu asiye na hatia. Walitaka majibu ya haraka, na wakubwa wao walitaka taarifa za mafanikio. Kila ngazi iliiuliza ngazi iliyo chini yake kama kazi inasonga mbele. Hakuna aliyeulizwa kwa sauti ya kutosha habari za aliyefungiwa ndani: amekula, ameonana na ndugu zake, amefikishwa mbele ya hakimu, yu hai? Hivyo ndivyo nia njema, ikisafiri katika mfululizo wa amri usio na ngoma, inavyoweza kufika mwisho wa safari ikiwa maiti.

Habari zilipojulikana, Januari 1977, Waziri wa Mambo ya Ndani alimwandikia Rais Julius Nyerere barua ya kujiuzulu. Waziri huyo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, mwalimu aliyewahi kusomesha Mangapwani na Bumbwini, ambaye watu wa Visiwani hawahitaji kuelezwa zaidi habari zake. Pamoja naye aliondoka Peter Siyovelwa, waziri katika Ofisi ya Rais, na wakuu wa mikoa miwili iliyohusika. Baadhi ya maofisa wa polisi na usalama walifikishwa mahakamani na kufungwa. Mwinyi hakumpiga mtu, hakutoa amri ya kumpiga mtu, na hakuwapo chumbani. Hata hivyo aliona kwamba mambo yaliyotendwa na chombo kilichokuwa chini yake hayakumwachia nafasi ya kuendelea kukaa katika kiti kile.

Wengi wamelisifu tendo hilo kwa kuliita la kiungwana. Sifa hiyo ni ya haki, lakini inaweza kulidogosha, kwani uungwana ni pambo la mtu mmoja, na asiyekuwa nao hadaiwi. Swali la maadili ni gumu zaidi. Je, Waziri alitoa zawadi, au alilipa deni? Ikiwa ni zawadi, basi waziri mwingine anayekaa kitini baada ya watu kufia mahabusu hajakosa kitu, amepungukiwa na ukarimu tu. Ikiwa ni deni, basi kutojiuzulu kwake ni kukataa kulipa.

Lugha ya Kiswahili inayo maneno mawili yanayoweza kulifungua fundo hili, na yote mawili yamepitia katika vyuo vya sheria ya Kiislamu kabla ya kufika barazani na bungeni. La kwanza ni amana. Mtu akiwekewa amana, mathalani fedha za msafiri, naye akazitunza kama atunzavyo zake, kisha nyumba ikaungua, hatakiwi kulipa. Atalipa iwapo alizembea au alifanya khiyana. La pili ni dhamana. Aliyedhamini deni la mtu hulipa hata kama yeye mwenyewe hakukopa, hakula, na hakuzembea. Wajibu wake hautokani na kosa lake. Unatokana na kwamba alisimama mbele ya watu akasema: huyu akikosekana, niulizeni mimi.

Je, madaraka ya ulinzi ni amana au ni dhamana? Katika mazungumzo ya kila siku maneno haya huchanganywa, na kiongozi huitwa mwenye dhamana ya wizara bila ya kufikiriwa uzito wa jina hilo. Kwa kazi nyingi za umma, pengine hukumu ya amana inatosha. Mkuu wa idara ya kilimo hawezi kudaiwa mvua. Lakini kumfungia mtu ndani ni jambo la jinsi yake. Mtu aliye huru anaweza kukimbia, kupiga yowe, kuita jirani, kuomba maji, kujitetea kwa fimbo. Siku askari anapofunga mlango nyuma yake, njia zote hizo humtoka kwa mpigo mmoja, na hazimtoki kwa hiari yake. Dola imeziondoa. Aliyeziondoa hana budi kuzibeba. Ndiyo maana hawezi kusema, mtu akifa mle ndani, kwamba yeye hakujua, kwa kuwa kutojua ndiko kulikomfikisha yule mtu kwenye kifo. Juu ya mwili wa mtu aliyefungwa hakuna amana. Ipo dhamana tupu.

Na kwa mzaha mchungu wa lugha, neno hilo hilo limebandikwa katika kuta za vituo vya polisi. Mabango huwaeleza wananchi kwamba dhamana ni haki ya mtuhumiwa na kwamba hailipiwi. Ndugu wa mtuhumiwa, aliyekuja na hati ya nyumba au barua ya serikali ya mtaa, huifahamu dhamana barabara: anajua kwamba mtu wake akitoroka ataitwa yeye. Hakuna atakayemwuliza kama alimsaidia kutoroka. Ikiwa mkulima wa Sikonge au muuza samaki wa Malindi anaweza kubebeshwa mzigo wa namna hii kwa ajili ya mtu mmoja, ni vigumu kuona kwa nini mkuu wa kituo, kamanda wa mkoa na waziri wasiubebe kwa ajili ya wote waliofungiwa chini yao.

Zipo hoja mbili zinazopinga mtazamo huu, na zote mbili zinastahili kusikilizwa. Ya kwanza husema kwamba kumwondoa mkubwa asiye na hatia ni kuonea, tena ni kuwapa kichaka wakosaji wa kweli. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau kujiuzulu kungechukua nafasi ya mahakama. Mwaka 1977 na miaka iliyofuata hakukuchukua. Waziri aliondoka na waliotuhumiwa kwa vitendo vyenyewe walishitakiwa. Hatia hugawanywa na hakimu kwa ushahidi. Dhamana hailingani na hatia na haiipunguzi. Anayedhamini deni hulipa, na mkopaji hubaki mkopaji.

Hoja ya pili ni ya wenye shaka. Husema kwamba tendo lile halikumgharimu kitu mwenyewe, kwa sababu alipelekwa Misri kuwa balozi, akarudi kuwa waziri, mwaka 1984 akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akawa Rais wa Muungano. Hesabu hii huitazama safari kutoka mwisho wake. Mwenye kuandika barua Januari 1977 hakuziona karatasi za kura za mwaka 1985. Alichokiona ni kiti anachokiacha. Zaidi ya hayo, kama jamii iliyomwona mtu akilipa deni asilolikopa ilimwamini baadaye kwa makubwa zaidi, hiyo ni dalili kwamba jamii ilikuwa ingali inajua maana ya dhamana.

Upungufu wa mwaka 1977 uko mahali pengine. Barua ya kujiuzulu huandikiwa aliyeteua. Inapanda juu, kama taarifa nyingine zote za boma. Mjane wa kijijini ambaye mumewe hakurudi kutoka mahabusu hakuwa mwandikiwa wa barua ile. Tendo lilikuwa la kweli na la nadra, lakini njia lililopita ilikuwa ile ile ya zamani, ya chini kwenda juu. Ili dhamana itimie ingelazimu iwe na safari ya pili, ya kushuka: kumtaja marehemu kwa jina, kuwaeleza watu wake alivyokufa, na kuwafidia wale aliokuwa akiwalisha.

Mtu angeweza kudhani kwamba dawa ya umbali huo ni kumrudisha mlinzi kijijini. Jaribio hilo lilifanyika katika nchi hizo hizo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 kuacha silaha nyingi mikononi mwa watu, na wizi wa ng'ombe kuzidi, wanavijiji wa Usukuma na Unyamwezi, katika sehemu za mipaka ya Shinyanga na Tabora, walianzisha ulinzi wao wenyewe. Waliuita sungusungu, jina la chungu weusi ambao mmoja wao hana kitisho, lakini kundi lao humkimbiza mnyama mkubwa. Walikuwa na upinde, mishale na filimbi. Walichagua viongozi wao mkutanoni, na mkuu wao walimwita mtemi, ingawa utemi wa serikali ulikuwa umekwisha kufutwa tangu miaka ya mwanzo ya uhuru. Filimbi ikilia, kila mtu mzima alipaswa kutoka, na asiyeitika alitozwa faini. Mhalifu mkaidi alitengwa: hasalimiwi, hapewi moto wala maji.

Wataalamu kama Ray Abrahams na Sufian Bukurura, waliouchunguza ulinzi huu kwa miaka mingi, walionyesha kwamba haukuwa fujo za watu wenye hasira. Ulikuwa na utaratibu, na kwa muda ulirudisha usingizi majumbani. Uzuri wake unaeleweka. Mlinzi alikuwa na uso. Alikutana kisimani na yule aliyemlinda usiku, na mwanawe angeoa katika nyumba ya yule aliyemkamata jana. Hongo ya siri ilikuwa ngumu kwa sababu hapakuwa na siri. Kwa maneno mengine, ngoma ilikuwa imerudi.

Lakini uso wa jirani nao una giza lake. Ulinzi unaojibu kwa kijiji hujibu vyema pale ambapo kijiji kina haki. Je, pale ambapo kijiji kizima kimekwisha kumhukumu bibi kizee kwa uchawi? Wapo watuhumiwa waliopigwa, waliofukuzwa katika nyumba zao, na waliouawa, na baadhi ya wanasungusungu walifikishwa mahakamani kwa vitendo hivyo. Yule bibi hakuwa na mtu wa kumwita, kwani waliopaswa kuitika yowe lake ndio waliokuwa mlangoni. Askari wa mbali hamjui na hivyo hamwonei huruma. Jirani anamjua mno, na hivyo hamsikilizi. Na akifa, nani adaiwe? Waliokuwapo watasema kwamba ni wote. Deni lililodhaminiwa na kila mtu, bila ya jina hata moja katika hati, halina wa kulilipa.

Mwaka 1989 Bunge lilirekebisha sheria za mgambo, na sungusungu wakapata nafasi katika sheria pamoja na uwezo wa kukamata. Rais wakati huo alikuwa Mwinyi yule yule. Mwaka 1990 utaratibu huo ulisukumwa hadi mijini, mbali na visima na harusi zilizoufanya uwe na uso. Ni vigumu kutoona kinaya chake: chini ya mtu aliyeelewa kuliko wengi kwamba anayefunga lazima awe na wa kumjibia, uwezo wa kukamata ulienezwa kwa makundi ambayo hayakuwa na waziri wa kujiuzulu kwa ajili yao. Si lazima kumlaumu mtu. Inatosha kuona kwamba uadilifu wa mtu mmoja, hata ukiwa mkubwa, haurithiwi na sheria mpaka uandikwe ndani yake.

Mgambo, ikumbukwe, kabla ya kuwa jina la askari wa akiba, ulikuwa mlio wa kuwatangazia watu jambo, na wahenga walisema kwamba likilia la mgambo kuna jambo. Hili nalo ni neno lililosafiri, likapoteza sauti yake njiani na kubakiwa na silaha.

Wasomaji wa Visiwani wana sababu yao wenyewe ya kulifikiri suala hili bila ya kudhani kwamba ni la watu wa bara. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, polisi waliwafyatulia risasi waandamanaji na raia wengine Unguja na Pemba, na watu wapatao 2,000 walivuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Baadaye Rais aliunda tume ya kuchunguza. Mwenyekiti wake alikuwa Brigedia Jenerali Hashim Mbita, mzaliwa wa Tabora, aliyekuwa ameitumikia Kamati ya Ukombozi ya Afrika kwa zaidi ya miaka 20. Ripoti ya mwaka 2002 ilitaja vifo zaidi ya 30. Mtu wa Unguja aliwahi kubeba lawama za waliokufa kaskazini ya Tabora. Sasa mtu wa Tabora alipewa kazi ya kuwahesabu waliokufa Pemba na Unguja. Njia ya misafara haikupata kubeba mzigo mzito zaidi ya huu wa pande mbili.

Mambo haya mawili, yakiwekwa pamoja, yanafundisha zaidi kuliko yakiwekwa mbalimbali. Mwaka 1977 palikuwa na aliyebeba, na mabaraza ya nchi hayakusikia majina ya waliokufa. Mwaka 2002 palikuwa na hesabu iliyoandikwa, na hakuna waziri aliyejiuzulu. Kubeba bila kuhesabu humtukuza aliyebeba na humsahau aliyekufa. Kuhesabu bila kubeba humkumbuka aliyekufa, lakini humwambia mjane kwamba kifo kile hakina mwenyewe. Mafundisho ambayo kila mtoto wa Visiwani huyasikia chuoni humwita kila mtu mchunga, na humwambia kwamba ataulizwa juu ya alichokichunga. Neno ni kuulizwa. Anayeulizwa ni mmoja, mwenye jina, na anaulizwa juu ya wengine, nao wana majina.

Itasemwa kwamba yote haya ni falsafa ya watu walioshiba, na kwamba askari anayelala na familia yake katika chumba cha mabati, kwa mshahara usiofika mwisho wa mwezi, hawezi kuongezewa mzigo wa dhamana. Tume ya Jaji Joseph Warioba, iliyochunguza rushwa mwaka 1996 na kuitaja polisi miongoni mwa vyombo vilivyoathirika sana, ilitofautisha wapokeao kwa sababu ya uhaba na wapokeao kwa tamaa. Tofauti hiyo ni ya busara. Lakini kueleza sababu ya deni hakulifuti. Aliyenyimwa uhuru wake kwa kukosa shilingi elfu kumi hapati usingizi kwa kujua kwamba aliyemfungia ana njaa. Uhaba wa askari huongeza mdaiwa mmoja zaidi: yule aliyempa bunduki na ufunguo bila ya kumpa riziki. Dhamana hupanda pamoja na cheo, na kadiri inavyopanda ndivyo kisingizio cha njaa kinavyopungua, mpaka kufika mahali ambapo kilichobaki ni tamaa peke yake.

Mwaka 2023 tume nyingine ya Rais, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake juu ya taasisi za haki jinai. Tume ni jambo jema. Lakini uadilifu wa chombo cha ulinzi hauwezi kungoja tume, kwa kuwa tume huja baada ya maziko. Kipimo chake cha kila siku ni kidogo na hakina fahari: ni daftari la mahabusu. Mtu anapoingizwa ndani, jina lake liandikwe, na saa, na hali ya mwili wake, na chini yake jina la askari aliyempokea. Anapotoka, iandikwe vivyo hivyo. Ndugu akija kuuliza, asomewe bila ya kutoa kitu. Karani wa forodhani huliandika pipa la mafuta kwa uangalifu huo, na hakuna anayemwona kuwa ameonewa pipa likipotea naye akaulizwa.

Mwinyi alifariki tarehe 29 Februari 2024, akazikwa Mangapwani. Watu wengi walimkumbuka kwa ruksa zake, kwa maduka yaliyojaa tena na redio zilizoimba. Huenda urithi wake mzito zaidi ni ule wa miezi ile michache ya mwisho ya uwaziri wake, pale alipokubali kwamba mlango uliofungwa Shinyanga na askari asiyemjua ulikuwa umefungwa kwa mkono wake. Kila anayepewa ufunguo wa namna hiyo, awe waziri, kamanda, mkuu wa kituo au mtemi wa sungusungu, anasaini hati ya dhamana hata kama hakuonyeshwa karatasi. Jina la aliye ndani limekwisha kuandikwa upande mmoja wa daftari. Upande wa pili hauwezi kuachwa wazi.